Tik tik tik ya pikipiki yangu na taimingi cheni ambayo haipo

Ilianza Jumanne asubuhi, nimefunga trei kumi na mbili za mayai natoka Kihonda naenda Msamvu, hapa Morogoro, na mwanzoni nikadhani ni trei. Ukishabeba mayai miaka kadhaa sikio linakuwa kama la mama mwenye mtoto mchanga, kila kamlio unageuka. Nikapunguza mwendo nikapapasa nyuma kwa mkono mmoja, trei zimekaa, mpira umekaza, hakuna linalovuja. Lakini tik tik tik ipo. Nikabana klachi nikaiacha iserereke, injini ikashuka sailensi (ule mzunguko wa chini bila kuvuta mafuta) na ile tik tik ikashuka nayo, nikapiga resi kidogo ikapanda nayo. Hapo ndo nikajua hii siyo trei, hii ni hela.

Wenye pikipiki mnaijua hiyo hali. Haizimi, haijapungua nguvu, mafuta inakula yale yale, ila kuna kitu kidogo cha chuma mahali fulani kinagonga kitu kingine cha chuma, na we umekaa juu yake na mayai mia tatu na sitini ya watu. Ukiwa barabarani husikii kingine. Hata honi za mabasi pale Msamvu sikuzisikia vizuri siku hiyo, nasikiliza chini ya magoti yangu tu.

Nilipomaliza kushusha nikapita kwa fundi mmoja kijana, jina siweki maana bado tunasalimiana. Hakuzima hata redio. Akasikiliza sekunde tano, akapiga resi mbili za nguvu mpaka moyo wangu ukaruka, akasema "Bro, taimingi cheni hiyo, imelegea. Ikikatika inaondoka na valvu na pistoni." Cheni pamoja na tenshena yake (kile kikaza cheni) na gasketi elfu sitini na tano, ufundi elfu ishirini na tano. Jumla elfu tisini, na mi faida yangu kwa trei ni kama elfu moja na mia tano, we piga hesabu ni trei ngapi hizo. Nikamwambia ntarudi jioni na hela. Na kweli nilikuwa narudi, nisiwadanganye, maana alivyosema "inaondoka na pistoni" alisema kwa huruma kabisa kama daktari.

Kilichoniokoa ni kwamba jioni sikuwa na elfu tisini. Nikampigia shemeji yangu wa Dodoma nimkope, huyu kafungua injini za pikipiki toka mi niko shule ya msingi. Nikamweleza. Akakaa kimya kidogo.

"Shem, pikipiki yako si ile ile CG?"

"Ndo hiyo hiyo."

Akacheka mpaka akakohoa. "CG haina taimingi cheni, shem. Hiyo mpya ataifunga wapi, shingoni?"

Ngoja nieleze hapa kidogo maana wengi tunaendesha hizi injini bila kujua tumekalia nini. Honda walitoa CG125 mwaka 1976, na waliibuni makusudi kwa ajili ya nchi ambako pikipiki ni punda, inabebeshwa, haipelekwi sevisi, oili inabadilishwa siku mwenyewe akikumbuka. Kwa hiyo kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu, hawakuiweka juu kwenye hedi (kichwa cha injini), waliishusha chini karibu na krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Gia ndogo ya krenki inazungusha gia kubwa ya kemshafti, jino kwa jino, basi, cheni ya kuziunganisha, ndo hiyo taimingi cheni, hakuna. Na kwenye hiyo kemshafti kuna nundu moja tu, hiyo hiyo moja inasukuma vidole viwili kwa zamu, kila kidole kinasukuma fimbo nyembamba ya chuma, ndo hizo wanaita pushirodi, zinapanda ubavuni mwa silinda mpaka juu, zinainua roka, roka inabonyeza valvu. Baadaye Wachina waliichukua injini hiyo wakaitoa kwa majina sijui mangapi, ndo maana pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 na 150 ukizifungua unakuta ni ukoo mmoja. Zenye cheni zipo pia, na nyingi tu. Kuzitofautisha huhitaji spana, yenye cheni mara nyingi ina kifuniko cha duara ubavuni mwa hedi na nyuma ya silinda kuna tenshena imefungwa kwa bolti, hiyo ya pushirodi haina hivyo vitu. Ningejua hili asubuhi ningemuuliza yule dogo anionyeshe tenshena kwa kidole.

Sasa baada ya kucheka shemeji akaniuliza kitu ambacho fundi hakuuliza. Akasema usinielezee mlio, mlio kwenye simu wote ni tik tik, niambie inalia lini. Ikiwa ya baridi? Ikipata moto? Umekaa sailensi au unavuta mlima? Ukiwa na mzigo na ukiwa mtupu ni sawa? Ilianza lini, na kabla haijaanza nani aliishika?

Nikajikuta sijui. Nimeisikiliza siku nzima na sijui. Nikamwambia nadhani asubuhi inalia zaidi, ikipata moto inapungua, ila mlimani kama inarudi. Hilo la nani aliishika nikajibu hakuna. Kumbukeni hilo jibu.

Akasema basi anza na ekzosi, ni dakika tano. Nikasema sawa shem. Halafu sikuanza na ekzosi. Nilikuwa nimeangalia video tatu za kuseti tapeti (nafasi za valvu, ntaeleza mbele) na moyo wangu wote ulikuwa kwenye tapeti, ekzosi naiona ni bomba la moshi tu, bomba litagongaje?

Nilichofanya cha maana usiku ule ni vile vitu vya bure. Oili kwanza, maana injini yenye oili kidogo inalia kila mahali na utafukuza vivuli. Pikipiki isimame wima kwenye stendi kubwa, futa stiki, ichomeke tu ikae juu ya nyuzi bila kuizungusha kuifunga, ndivyo hizi CG zinavyopimwa, ukiizungusha ukaifunga itakuonyesha oili nyingi kuliko iliyopo. Yangu ilikuwa katikati ya alama mbili, sawa. Nikashika kava la cheni ya nyuma nikalitikisa, bolti za kufunga injini kwenye fremu nikajaribu moja moja, plagi nikaikaza (plagi iliyolegea inavujisha upepo na inatoa ka-tik tik ka ajabu, watu wameshafungua injini nzima kwa sababu hiyo). Halafu nikazima taa zote za nje nikawasha pikipiki gizani nikaangalia kepu ya plagi na waya wake. Ikiwa imepasuka moto unaruka kwenda kwenye chuma, unasikia tik unaona na kacheche ka bluu. Mke wangu akatoka akauliza unafanya nini gizani na pikipiki inanguruma, nikasema natafuta cheche, akarudi ndani.

Hakuna cheche.

Kesho yake nikachukua kipande cha nondo kwa jirani anayejenga, nondo ya milimita 8, urefu kama futi moja na nusu, nikaisugua ncha zote. Fundi akikwambia anasikiliza kwa bisibisi ndefu ndo kitu hiki hiki. Ncha moja unaigusisha kwenye injini, nyingine unaikandamiza kwenye kale kamfupa mbele ya tundu la sikio, tundu la sikio lenyewe liache, ukiteleza utalia. Na jihadhari na cheni na bomba la moto. Aisee, ni kama kuingia chumba kingine. Chini kwenye bloku la krenki nilisikia mvumo tu mzito unaozunguka, kama kinu cha mbali. Ubavuni mwa silinda ka-mchakato. Juu kwenye kifuniko cha roka, tak tak tak kavu, safi kabisa, kama mtu anachapa kwa mashine ya zamani ya kuchapia. Nikasema umepatikana. Nikasogeza nondo mbele kidogo karibu na mahali ekzosi inapoingia kwenye hedi, hapo pia tak tak, tena kali zaidi, nikajiambia ni ule ule mlio umetembea, si ni chuma kimoja, tena umbali wenyewe ni vidole vinne. Hapo ndo nilipopotea. Nondo inakupeleka mtaa sahihi, nyumba haikuonyeshi.

Jumamosi nikaseti tapeti.

Tapeti ni nini kwa asiyejua: kati ya roka na kichwa cha valvu kunaachwa nafasi ndogo sana makusudi, kwa sababu valvu ikipata moto inarefuka, na ikikosa pa kurefukia itabaki imefunguka. Kwa CG125 ya Honda nafasi hiyo ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa ya baridi kabisa. Kuielewa hiyo namba, karatasi ya fotokopi ya kawaida ina kama 0.1, wembe ule wa makali mawili nao 0.1. Ndo maana kijiweni utaona mtu anapima tapeti kwa kipande cha wembe na siyo uchizi, yuko karibu, ila si sawasawa. Mi nilinunua fila geji kabisa, ile ya vibati vingi kama feni ya mkono ya Kichina, nikajiona fundi.

Nikalaza pikipiki usiku mzima ipoe. Asubuhi nikatoa tanki, nikafungua kifuniko cha roka, nikafungua vile vifuniko viwili vya upande wa kushoto kimoja cha kuzungushia krenki na kimoja cha kuchungulia magneto, nikazungusha kinyume cha saa mpaka herufi T ikakaa kwenye alama. Pistoni iko juu. Nikajaribu kuchezesha roka kwa vidole, zimekaza. Zote mbili! Hazina hata pumzi. Nikasema heee, hizi zimebana, yaani pikipiki ingeungua valvu hii. Nikalegeza nati, nikalegeza skrubu mpaka kile kibati cha 0.08 kikapita kwa kukwaruza kidogo kama video ilivyosema, nikafunga nati, nikafunika kila kitu, nikajifuta mikono kama mganga aliyemaliza kazi.

Nikapiga kiki.

Jamani. Sitanii, kuku walikimbilia kona. Ile tik tik ya mwanzo ilikuwa wimbo. Hii ilikuwa cherehani kumi zimewekwa ndani ya karai, mtoto wa jirani akatoka na kuuliza "baba, mashine ya kusaga imekuja?" Nikazima haraka. Nikakaa kwenye ndoo nikaangalia ile injini kama imenitukana.

Nilichokosea ni kitu ambacho nadhani nusu ya wanaoseti tapeti kwa mara ya kwanza wanakosea. Injini ya mipigo minne inahitaji mizunguko miwili ya krenki kumaliza kazi moja: inavuta, inabana, inalipuka, inatoa moshi. Kwa hiyo ile T inapita mara mbili. Mara moja pistoni ikiwa juu imebana upepo, valvu zote zimefungwa, hapo ndo pa kupimia. Na mara nyingine pistoni ikiwa juu inamalizia kutoa moshi, valvu ya kutolea haijafunga bado na ya kuingizia imeshaanza kufunguka, zote mbili zimebonyezwa kidogo. Mi nilipima hapo. Roka zilikuwa zimekaza kwa sababu zilikuwa kazini! Nikazilegezea nafasi juu ya nafasi, na valvu zilipofunga kweli ikabaki nafasi kubwa, roka inajiandaa toka mbali halafu inapiga. Bahati yangu pushirodi hazikuchomoka kwenye viti vyake.

Njia ya uhakika ni ya kizamani. Toa plagi, ziba tundu kwa kidole gumba, zungusha krenki taratibu. Kidole kikisukumwa na upepo, hiyo ni kompresheni, endelea mpaka T ikae, sasa shika roka: zote mbili zinacheza kidogo, klik klik. Zisipocheza zungusha duara moja zima ujaribu tena. Nikafanya hivyo, nikaweka 0.08 mbele na nyuma. Na kuna kitu video hazisemi, ukikaza nati ya kufungia ile skrubu inajizungusha nayo kidogo na kipimo kinabana, kwa hiyo unashika skrubu kwa mkono mmoja unakaza kwa mwingine halafu unapima TENA baada ya kukaza. Mi nilirudia mara nne kwenye valvu ya kutolea moshi.

Nikawasha. Ilipopata moto ikatulia. Sailensi nzuri, ka-mlio kadogo kavu kale ka kawaida ka CG, basi.

Ila kuna jambo linaniuma mpaka leo. Kabla sijalegeza chochote sikupima zilikuwa ngapi. Nilishika spana kabla ya kushika kipimo. Kwa hiyo mpaka kesho sijui kama tapeti zangu zilikuwa na tatizo kweli au nilizikuta nzima nikazivuruga nikazirudisha. Ushahidi niliufuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumatatu napandisha Kilakala na trei kumi, gia ya tatu, nimevuta mafuta. Tik tik tik tik.

Nilisimama pembeni ikawa sailensi, hakuna kitu, kimya. Nikaanza kupanda, tik tik. Sasa hapa ndo akili inaanza kwenda kubaya maana mlio unaokuja na mzigo watu wote watakwambia konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, na konrodi maana yake ni kupasua injini katikati na ovahoo ya kukufanya uuze kuku. Nikampigia shemeji pale pale barabarani. Akasema konrodi haisemi tik, inasema ngo, ngo, ngo, nzito, inatoka chini, unaisikia kwenye vikanyagio kabla ya masikioni. Kama una wasiwasi weka pistoni katikati ya safari yake, ishike krenki uitikise mbele nyuma kidogo kidogo, ukisikia kagonga kabla pistoni haijaanza kutembea hapo ndo uje tuongee. Kama ni mafuta mabaya yanalipuka kabla ya wakati, hiyo inalia kama kokoto ndani ya kopo, na ukishusha gia ukapunguza mafuta inaacha. Yako ukishusha gia inaacha? Nikasema haiachi. Akaendelea: Pistoni inayocheza kwenye silinda inalia asubuhi ya baridi na ikipata moto inanyamaza, mlimani hairudi hivyo. Akamaliza na "Shem, ekzosi uliangalia?"

Nikasema mtandao unakatika.

Usiku ule nikapanga kitu ambacho najivunia kidogo. Pikipiki yangu haina mshale wa mizunguko lakini simu ninayo. Kulipokucha, injini ikiwa ya baridi bado, nikawasha nikarekodi sauti nimesimama usawa wa injini ili nipate mlio na pumzi ya mafla kwa pamoja, halafu nikaicheza kwa spidi ya robo. Injini kwenye sailensi inazunguka kama mara 1,400 kwa dakika, kemshafti nusu yake, 700, hiyo ni karibu kumi na mbili kwa sekunde, sikio la mtu halihesabu. Kwa robo spidi ni tatu kwa sekunde, unahesabu na kidole mezani. Na huhitaji kujua mizunguko ni mingapi, unalinganisha tu na pumzi, maana mafla inatoa pu moja kila mizunguko miwili ya krenki. Ukisikia pu moja tik moja, mlio unatoka kwenye kitu kinachofuata kemshafti au moshi wenyewe. Ukisikia pu moja tik mbili zilizopangana sawasawa, hicho ni kitu kinachofuata krenki, pistoni au konrodi, au moto unaovuja, kwa sababu hizi pikipiki zenye CDI (kile kifaa cha umeme cha kuwasha plagi) zinapiga cheche kila mzunguko hata pasipohitajika. Tahadhari tu kwamba valvu mbili zikigonga zote utapata tik mbili kwa pu moja, ila hazipangani, ni kama mtu anayechechemea.

Yangu: pu-tik. Pu-tik. Pu-tik. Moja kwa moja, tena tik imekaa juu ya pu yenyewe kama imebebwa mgongoni.

Nikaweka simu chini. Konrodi imeondoka kwenye orodha, na hilo peke yake lilinifanya ninywe chai. Wamebaki wawili, tapeti na ekzosi, na hao wanalia kwa hesabu ile ile ndo maana watu wanawachanganya kila siku. Tofauti yao ni tabia. Tapeti haijali mzigo, inalia umebeba hujabeba. Moshi unaovuja unajali sana, ukivuta mafuta presha inapanda na unapiga kelele, injini ikiwa ya baridi unavuja zaidi, chuma kikipata moto kinatanuka kinaziba mwanya na sailensi inatulia. Baridi inalia, moto inapungua, mlimani inarudi. Maneno yangu mwenyewe kwenye simu siku ya kwanza! Jibu nilikuwa nalo toka Jumanne, nilimpa shemeji na shemeji akanirudishia na mi nikaenda kununua fila geji.

Nikachukua tochi nikainama mbele ya injini. Pale bomba linapoingia kwenye hedi kuna flenji inashikwa na stadi mbili. Upande wa kulia wa ile flenji kulikuwa na masizi meusi, yametambaa kwenye mapezi mawili ya hedi kama kope. Nikalowesha kitambaa, nikavaa glovu ya kulimia, nikawasha injini ya baridi nikakizungushia kitambaa kwenye maungio nikakibana. Tik ikawa tsss. Nikaachia, tik tik tik. Nikabana, tsss. Nilibana na kuachia kama mara sita hivi, nacheka peke yangu, mpaka kitambaa kikaanza kutoa mvuke.

Na hapo ndo nikakumbuka. Wiki mbili nyuma mabano ya mafla yalikatika nikapeleka kwa mchomeleaji. Nani aliishika? Hakuna, nilisema. Mchomeleaji sikumhesabu, kwangu huyo anachoma mageti. Lakini ili achome vizuri alitoa bomba zima, na alipolirudisha alirudisha na ile ringi ya zamani ya shaba iliyokuwa imeshapondeka, na nati moja aliikaza nyingine aliisahau. Nikaigusa kwa vidole, ikazunguka. Kwa vidole!

Ringi mpya ya ekzosi elfu mbili. Nati mia tano, maana ile nyingine nyuzi zilikuwa zimeanza kuliwa. Spana namba kumi ninayo. Nilikwangua masizi ya ndani na mabaki ya ringi ya zamani kwa bisibisi taratibu, nikaweka mpya, nikakaza nati kidogo huku kidogo kule, usikaze moja mpaka mwisho ndo uende nyingine, flenji inakaa upande. Nikawasha ikapata moto, nikazima, ikapoa, nikakaza tena robo duara. Kazi nzima dakika ishirini ukiondoa muda wa kumtumia shemeji picha ya masizi. Alijibu kwa sauti ya sekunde arobaini, na sekunde thelathini za hizo ni kicheko.

Sasa pikipiki haiko kimya kabisa na sitaki iwe. Bado kuna kale ka-tik kadogo juu kwenye roka asubuhi, na kuna mteja wangu wa Mafiga kila nikifika ananiambia fundi wake anaweza kukamaliza. Najua anavyokamaliza, anabana tapeti mpaka nafasi inaisha, pikipiki inakuwa kimya kama ya dukani na mwenyewe anafurahi wiki tatu. Valvu ya kutolea moshi inapoa pale inapokaa kwenye kiti chake, ikinyimwa nafasi haikai vizuri, inaungua pembeni, kompresheni inavuja, na siku hiyo ndo utapiga kiki mpaka goti lichoke. Mi nabaki na kamlio kangu.

Juzi nikapita pale kwa yule dogo kujaza upepo. Akanyamaza, akainamisha kichwa, akasikiliza injini safari hii hata redio alipunguza. Akatabasamu.

"Umeona sasa, bro? Si nilikwambia ni taimingi cheni. Ulibadilishia wapi?"

Nikamwambia Dodoma.